Kupiga picha za miamba ya jangwani jioni: mwongozo kwa anayeanza

Kila likizo ikikaribia maswali yanakuja yale yale. Mbona mwamba kwa macho ulikuwa mwekundu unawaka na kwa picha umetoka kahawia tu? Simu itatosha ama ni lazima ninunue kamera? Nifike saa ngapi, nisimame wapi? Sasa nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, na nimeandika nikimfikiria mtu anayetoka Nairobi Ijumaa na gari la kukodi ama na basi la Marsabit, ana simu ama kamera ya kawaida, na akifika huko hana mtu wa kumwelekeza.

Shika jambo moja kwanza, mengine yote yanatoka hapo. Picha iko kwa mwamba, haiko kwa jua. Jioni ikifika karibu kila mtu anageukia magharibi anapiga lile duara likizama, anapiga tena na tena, na mwamba uliomtoa Nairobi uko nyuma ya mgongo wake umeshika rangi ambayo haitarudi mpaka kesho, na hakuna anayeuangalia. Jua linazama kila mahali, hata ukiwa juu ya ghorofa kule Umoja, Nairobi, utaliona. Mwamba ni wa pale tu.

La pili, huku kwetu jua halina subira. Mafunzo mengi ya intaneti yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua linashuka likienda mshazari, ndio maana wanakuambia utakuwa na saa nzima ya mwanga wa dhahabu na zaidi. Kenya imepitiwa na ikweta, jua linashuka karibu wima kabisa, nyuzi 15 kila saa. Mwanga ukishaanza kuwa wa njano kweli kweli umebakiwa na kama dakika 25, na jua likishazama una kama dakika 20 zingine kabla giza halijaingia. Basi. Kwa hivyo kufikiria kwote kunafanywa mapema, mwanga ukifika ni kubonyeza tu.

Uende wapi

Kama hujawahi kabisa usianze na Chalbi, lile jangwa la kaskazini. Anza na Hell's Gate kule Naivasha. Si jangwa, lakini kuna Fischer's Tower, ule mwamba wa volkano uliosimama peke yake kama mita 25 kwenda juu, na kuna kuta ndefu za mawe zenye wekundu ambazo jioni zinabadilika rangi ukiziangalia. Shida ya pale ni geti. Mbuga inafungwa jioni, na ukitakiwa uwe umetoka mida ya saa 12 ndio mwanga sasa unaiva, kwa hivyo kama unataka jua la mwisho lipia kambi mapema kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulale ndani.

Barabara ya Magadi nayo haina gharama kubwa, ni kama kilomita 110 kutoka mjini, ukishapita Kiserian na Kona Baridi unateremka bondeni, joto linapanda, na mawe meusi ya lava yanaanza kuonekana kila upande. Marafa, ile ya karibu na Malindi ambayo wenyeji wanaita Nyari, ni korongo la mchanga mgumu lenye matabaka meupe, ya waridi, ya machungwa na mekundu, na sidhani kuna mahali pengine Kenya panapomlipa anayeanza vizuri hivyo jioni. Ololokwe iko Samburu, mbele ya Archers Post, ni mlima wa jiwe unaofika karibu mita 2,000 na kwa Wasamburu ni mahali patakatifu, kwa hivyo unapanda na mwenyeji na unasikiza anachokuambia.

Halafu ndio kaskazini kwenyewe: Chalbi, Kalacha, Loiyangalani. Lami imefika Marsabit na ikapita mpaka Moyale, lakini ukishatoka kwa lami hapo Marsabit kuelekea Chalbi ni mambo mengine kabisa, enda na gari mbili, dereva anayejua huko, na uulize hali ya usalama Isiolo ama Marsabit kabla hujasonga, si kwa simu ukiwa Nairobi.

Vitu vya kuwa navyo

Simu ama kamera, yoyote uliyo nayo. Nasema hivi kwa sababu watu wanakaa miaka wakingoja kununua kamera na simu waliyo nayo mfukoni ingewapa picha nzuri sana ya mwamba wenye mwanga. Simu inaanza kushindwa jua likishazama, hapo ndipo kamera inaonyesha kazi yake.

Tripodi ni ya lazima kama unataka picha za baada ya jua kuzama. Hata ile ndogo ya simu. Kama ni nyepesi beba mfuko wa kutundika pale katikati, utautia mawe ukifika, mawe hayawezi kukosekana.

Betri mbili ama pawa banki, memori kadi yenye nafasi, blowa ya kupuliza vumbi, kitambaa laini cha lenzi, na mfuko wa plastiki unaofungika wa kuweka kamera gari likiwa linatembea. Vumbi la huko ni jembamba, linapita kwa zipu ya begi bila kuuliza.

Maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na usihesabu soda. Kofia. Viatu vilivyofunika kifundo. Tochi ya kichwa, si ya simu, kwa sababu mikono yote miwili itakuwa na kazi. Pesa taslimu ndogo ndogo za ada ya jamii na za kumlipa mwenyeji anayekuongoza pale, maana huko netiweki inapotea na M-Pesa inapotea nayo.

Droni ikiwa unayo, ruhusa ya KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kwanza, na ndani ya mbuga unahitaji ruhusa ya KWS (shirika la wanyamapori) pia. Na karibu na Archers Post kuna eneo la mazoezi ya jeshi, usiingie humo kutafuta mawe na usielekeze kamera huko.

Hatua ya 1: Jua mwamba unaangalia upande gani

Fanya hii ukiwa bado Nairobi. Fungua ramani ya satelaiti, tafuta mwamba, angalia ukuta wake mkubwa umeelekea wapi. Ukuta unaoangalia magharibi unapata mwanga jioni. Unaoangalia mashariki jioni ni kivuli, huo ni wa asubuhi. Inaonekana ni jambo dogo lakini ndilo linaharibu safari nyingi kuliko kamera mbaya.

Ololokwe ni mfano mzuri. Ukielekea Marsabit mlima uko mkono wa kushoto wa barabara, maana yake ukisimama kwa lami jioni jua liko nyuma ya mlima na unaona upande wa giza. Kwa umbo jeusi dhidi ya anga hiyo ni sawa kabisa. Kwa jiwe lenye rangi, simama pale pale asubuhi.

Halafu angalia ni mwezi gani wa mwaka. Desemba jua linazama kusini ya magharibi kwa kama nyuzi 23, Juni linazama kaskazini ya magharibi kwa kiasi hicho hicho. Ukuta ulioangalia kaskazini utapata mwanga wa pembeni Juni na Desemba hautapata chochote, kwa hivyo picha uliyoiona mtu ameipiga Julai usiifuate Januari ukalalamika. Kuna apu za simu zinazochora mstari wa jua juu ya ramani kwa tarehe unayotaka, PhotoPills ni ya kulipia, Sun Surveyor pia iko, na tovuti ya SunCalc ni ya bure na inatosha.

Hatua ya 2: Fika saa 10, uache kamera kwa begi

Karibu mwaka mzima jua linazama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni, Pwani ni mapema kidogo kama dakika 10. Mtu anasikia hivyo anapanga kufika saa 11 na nusu. Amechelewa.

Saa 10 mwanga bado ni mbaya, mweupe, mkali, na hiyo ndiyo faida yake kwa sababu hutashawishika kupiga. Tembea. Zunguka mwamba mzima kama unaweza. Tafuta mahali pawili ama patatu pa kusimama na uweke alama, jiwe juu ya jiwe linatosha, kisha ulitoe ukimaliza. Angalia miguuni pia: kuna mpasuko unaoelekea kwa mwamba? Kuna mti wa mgunga ambao kivuli chake kitakuwa kirefu? Kuna mchanga ambao bado haujakanyagwa? Kama uko, usiukanyage, zunguka, na uwaambie na wenzako, kwa sababu nyayo zako mwenyewe mbele ya mwamba hazitoki kirahisi.

Hapa pia ndipo unasalimiana na wenyeji. Huko mtu hapiti bila salamu. Jamaa ukimkuta na mbuzi wake msalimie, jitambulishe, ndio useme umekuja kupiga picha za jiwe. Ukitaka kumpiga yeye ama mama amepita na mtungi, uliza kwanza, na akikataa imeisha. Ukitaka mtu kwa picha ili ukubwa wa mwamba uonekane, mwambie rafiki uliyekuja naye asimame pale chini, mtu mdogo chini ya ukuta mkubwa anaeleza ukubwa kuliko lenzi yoyote.

Hatua ya 3: Pima muda kwa vidole

Apu itakuambia saa ya jua kuzama kama ardhi ingekuwa tambarare. Ukiwa Magadi kuna ukuta wa Nguruman upande wa magharibi, ukiwa Hell's Gate kuna Mau, na jua linaingia nyuma ya milima kabla ya saa iliyoandikwa. Wengi wanakosa picha hapo, wanangoja saa ya apu na mwanga ulishaondoka.

Nyoosha mkono mbele, kunja kiganja, panga vidole vinne vilale kati ya jua na ukingo wa kilima. Kwa jua letu linaloshuka wima, kila kidole ni kama dakika 7 ama 8, vidole vinne ni kama nusu saa. Utasoma mahali pengine kwamba kidole kimoja ni dakika 15, hiyo ni ya nchi za mbali na ikweta, ukiitumia hapa utapoteza nusu ya muda wako. Na usikodolee jua macho ukipima.

Hatua ya 4: Weka mipangilio kabla mwanga haujaiva

Kwa kamera: piga RAW (fayili ghafi ya kamera), kama kadi ina nafasi piga RAW na JPEG pamoja. Modi A ama Av (wewe unachagua namba ya f), namba ya f, yaani ukubwa wa tundu la lenzi, iwe 8, ikiwa una jiwe karibu mbele unaweza kwenda 11. Usiende 16 na 22 ukidhani unaongeza ukali, unapunguza, na vumbi lililo ndani ya kamera litaonekana lote. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iwe 100.

Sasa rangi, na hapa ndipo jibu la lile swali la mwamba kutoka kahawia. Kamera ikiwa kwa oto inaona wekundu mwingi inadhani ni kosa, inaurekebisha, inakuondolea kile kile ulichokuja kutafuta. Toa white balance (mpangilio wa rangi ya mwanga) kwa oto, iweke kwa alama ya jua ama ya wingu, ama andika 5500K mpaka 6000K. Iache hapo jioni nzima.

Kwa simu: futa lenzi kwanza, ina mafuta ya vidole na ndiyo yanayoleta ule ukungu ukielekea jua. Fungua modi ya Pro kama iko, ISO iwe chini kabisa, white balance 5500. Kama haina Pro, bonyeza mwamba kwa skrini ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha kale kajua kanakotokea pembeni ukashushe polepole mpaka upande wenye mwanga uonyeshe mikwaruzo yake. Usizumu kwa vidole, tembea usogee. Flashi zima.

Onyo la eksposha, yaani kiasi cha mwanga kinachoingia kwa picha. Mwamba mwekundu kwa mwanga mwekundu unajaza rangi nyekundu kabla nyingine, na histogramu ya kawaida (ile grafu ya mwanga kwa skrini) inaweza kukuambia uko sawa huku wekundu umeshapasuka na umebaki doa bapa lisilo na kitu ndani. Kama kamera yako inaonyesha histogramu ya rangi tatu angalia ile nyekundu. Kama haionyeshi, shusha eksposha -0.7 na uangalie picha kwa kukuza.

Mawe meusi ya lava yana tabia tofauti. Kamera inayaona meusi, inayaangaza kwa nguvu, yanatoka kijivu. Shusha -1. Chumvi nyeupe ya Chalbi ni kinyume, kamera inaitia giza, pandisha +0.7 ama +1.

Hatua ya 5: Panga fremu ukilifikiria jua liko wapi

Jua likiwa nyuma yako moja kwa moja mwamba unapata rangi yote lakini unakuwa bapa. Jua likiwa pembeni yako, kushoto ama kulia, ndipo jiwe linaamka. Mwanga unapita juu ya uso wa jiwe, kila mkunjo unatoa kivuli chake, kila chembe ya mchanga mgumu inaonekana. Jisogeze mpaka upate hivyo. Mara nyingi ni kutembea hatua arubaini kwenda pembeni, si zaidi.

Sogea karibu pia. Watu wanapiga mwamba mzima kisha wanarudi kwa gari. Pale Marafa ukiinama karibu na ukuta jioni utaona mstari mweupe upana wa kidole umelala kati ya matabaka mekundu mawili, chini yake punje zimeanza kumomonyoka na zimejaa kwa kijishimo, na kila punje ina upande wa njano na upande wa buluu. Hiyo ni picha kamili peke yake. Piga picha tu, usiuguse ukuta, unabomoka.

Kosa la kuangalia: kivuli chako. Jua likiwa chini kivuli chako ni mita nyingi, kinaingia kwa fremu pamoja na miguu ya tripodi, na kwa sababu macho yako yako kwa mwamba hukioni mpaka ufike nyumbani. Chuchumaa, ama jisogeze jua liwe pembeni, ama simama ambapo kivuli chako kinaingia ndani ya kivuli cha jiwe lingine.

Filta ya polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi cha kupunguza mng'ao, inafanya kazi vizuri ukiwa umelipa jua bega. Jua likiwa mgongoni haifanyi chochote cha maana, na kwa lenzi pana inaacha anga na buluu nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine. Mimi naiacha kwa begi jioni.

Hatua ya 6: Zile dakika 25

Simama mahali pa kwanza, piga. Usipige mia. Piga, angalia kama wekundu haujapasuka, rekebisha, piga tena, kisha uende mahali pa pili. Ukiona kivuli cha kilima kinapanda kutoka chini ya mwamba, hiyo ndiyo saa yako, kwa sababu sasa chini ni baridi na juu ni moto na macho ya mtu yanajua yaende wapi. Kivuli kikifika katikati ya ukuta harakisha. Kikibakisha kilele tu, weka lenzi ndefu ama songa karibu, piga kilele peke yake.

Kama tofauti ya anga na jiwe ni kubwa sana piga picha tatu za mfululizo, moja ya kawaida, moja -2, moja +2, kamera nyingi zina mpangilio huo, utaziunganisha nyumbani. Tripodi hapo isitikisike.

Upepo wa Loiyangalani uutenge kwa hesabu tofauti. Si bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo imewekwa upande ule. Shusha tripodi iwe fupi, mguu mmoja uelekee kule upepo unakoenda, tundika mfuko wa mawe uguse ardhi kidogo usije ukabembea, toa mkanda wa kamera, na simama wewe upande upepo unakotoka.

Hatua ya 7: Sasa geukia jua, mara moja

Likibaki upana wa kidole unaweza kugeuka. Ficha duara nyuma ya ukingo wa mwamba likichungulia kidogo tu, namba ya f ipandishe 16 kwa picha hiyo moja, utapata miale. Ama shusha eksposha mpaka mwamba uwe mweusi kabisa na umbo lake lisimame. Umbo jeusi linahitaji mwamba wenye sura inayotambulika, mnara, tundu, mlima wenye bega. Rundo la mawe likiwa jeusi ni doa tu.

Usiangalie jua kupitia kitundu cha kuchungulia cha kamera ya DSLR (ile yenye kioo ndani). Tumia skrini ya nyuma.

Hatua ya 8: Limezama, usifunge begi

Hapa ndipo gari zinawashwa na watu wanaondoka, na mimi naona wanaacha nusu ya kazi. Geuka mashariki. Chini kwa upeo kuna mkanda wa buluu ya kijivu unapanda, hicho ni kivuli cha dunia yenyewe kimeanguka kwa hewa, na juu yake mkanda wa waridi. Kwa kama dakika 10 jiwe halina kivuli kikali popote, lina mwanga laini unaotoka angani pote, na rangi zilizokuwa zimefunikwa na njano zinarudi: zambarau, kijani cha ule ukungu unaoota juu ya mawe, kutu.

Shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, sasa inakuwa ndefu. Ulianza labda 1/125 ya sekunde, utapita 1/8, utaishia sekunde nzima. Tripodi, taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise, na kama lenzi ni ya zamani zima ile stabilaiza ya kuzuia mtikisiko. Simu ikileta modi ya usiku iegemeze kwa jiwe, uiache imalize.

Hatua ya 9: Toka salama

Washa tochi kabla hujaihitaji. Jioni mawe yana joto na nyoka anayapenda, kifutu hasa hakimbii, analala palepale. Usiingize mkono kwa mpasuko usiouona ndani, usikalie jiwe bila kulimulika, na begi lifungwe zipu lisiwe nyumba ya nge. Usiegeshe gari ndani ya laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, hata kama ni kavu na anga ni safi, mvua inaweza kunyesha milimani mbali na maji yakakufikia bila wewe kuona tone. Na usiendeshe usiku barabara za kule, panga kulala karibu.

Usibadilishe lenzi gizani kwa upepo. Usifute lenzi kwa shati, mchanga unakwaruza. Puliza kwanza, kitambaa baadaye.

Hatua ya 10: Ukirudi Nairobi

Hamisha fayili sehemu mbili kabla ya kufuta kadi. Snapseed, apu ya kurekebisha picha, ni ya bure, inatosha. Shusha sehemu zenye mwanga mkali, pandisha vivuli kidogo, nyoosha upeo. Ile ya kuongeza ukolezi wa rangi iguse kidogo sana, mwamba ukishafika rangi ya Fanta hakuna anayekuamini, na mtu wa Marsabit ataona ni uongo mara moja.

Shida zinazoulizwa sana

*Anga imetoka nyeupe.* Kamera ilipima kivuli. Bonyeza sehemu ya mwamba yenye mwanga, shusha eksposha, kivuli utakipandisha nyumbani. Anga ikishapasuka hairudi.

*Picha zimetikisika na nilikuwa na tripodi.* Upepo, ama kidole, ama ule mguu wa katikati ulioupandisha juu. Ushushe, tumia taima.

*Madoa ya kijivu mviringo angani.* Vumbi ndani ya kamera. Puliza na blowa kamera ikiwa imeelekea chini, si kwa mdomo kwa sababu mate yanaingia. Yakibaki peleka kwa fundi wa kamera mjini, usijaribu na pamba.

*Mwamba wa mbali una ukungu.* Ni kiangazi, hewa ina vumbi. Acha wa mbali, tafuta wa karibu. Siku chache baada ya mvua hewa inakuwa safi, hizo ndizo siku za kupiga milima ya mbali.

*Simu imekataa, imesema ina joto.* Ilikaa kwa dashibodi. Itoe kava, iweke kivulini, usiitie kwa kulaboksi (sanduku la barafu), unyevu utaingia. Mchana wote iwe ndani ya begi, data imezimwa.

*Fokasi imeshika mawe ya mbele.* Jioni kamera inahangaika. Fokasi kwa mwamba mwenyewe ukiwa na mwanga, kisha hamisha kwa manyuali (fokasi ya mkono) usiguse tena mpaka ubadilishe mahali.

*Mawingu yalifunika magharibi yote.* Usirudi. Kama ni mawingu ya juu, ya nyuzi nyuzi, yanaweza kushika rangi jua likishazama na kuumulika mwamba kutoka juu, kwa hivyo ngoja mpaka dakika 20 zipite. Kama ni mazito kabisa basi sahau mwamba mzima, shuka karibu na jiwe, mwanga wa mawingu ndio mzuri zaidi kwa matabaka na mipasuko, f 11, ISO 100, tripodi chini kabisa, na ufute lenzi kwanza.